Shajara ya mradi: kusahihisha skwati, benchi na dedilifti uani kwetu Makorora

4 Januari 2025. Ninapoanzia

Ni mwaka wa nne sasa nabeba vyuma uani kwetu Makorora, Tanga, kwa vifaa vya kujitengenezea. Nina chuma kimoja cha duara cha mita 2.1, sahani za saruji nilizomimina mwenyewe kwenye beseni, vichuma vidogo vya kilo 10, 5 na 2.5 nilivyonunua mitumba, benchi la kuchomelea na stendi mbili. Miaka yote minne shabaha yangu ilikuwa kuongeza uzito. Mwaka huu nataka kunyanyua kwa namna ambayo mwamuzi angeikubali, na nitaandika kila hatua hapa ili mwenye ua kama wangu aweze kufuata.

Mchezo wenyewe una minyanyuo mitatu. Skwati: chuma mgongoni, unachuchumaa mpaka kikunjo cha nyonga kishuke chini ya juu ya goti, kisha unasimama. Benchi: unalala, unashusha chuma kifuani, kinatulia, ndipo unasukuma. Dedilifti: unakitoa chini mpaka umesimama wima, magoti yamenyooka na mabega yako nyuma. Kila mnyanyuo una majaribio matatu, na waamuzi watatu huamua kwa taa; taa nyeupe mbili zinatosha. Kanuni ninazofuata ni za IPF, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1972.

Kwenye daftari langu la zamani nimeandika skwati 120, benchi 80, dedilifti 140. Nina kilo 79, kwa hiyo ningeshindana uzito wa chini ya 83. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anafanya kazi bandarini na atakuja mara tatu kwa wiki kunishikia simu na kunitazama.

12 Januari. Mizani ya mashine ya kusaga

Kabla ya mbinu nilitaka kujua ninabeba nini hasa. Tulipakia kila kitu kwenye mkokoteni tukaenda kwa jamaa wa mashine ya kusaga nafaka, ambaye mizani yake hukaguliwa. Akatutoza 2,000.

Sahani sita nilizoziandika "20" kwa rangi zilisoma hivi: 18.4, 19.1, 17.6, 20.7, 18.9, 19.2. Chuma chenyewe, ambacho kwa miaka minne nimekihesabu kilo 20 kwa sababu chuma cha mashindano ni kilo 20, kilisoma 11.6. Shemeji alisoma namba ile mara mbili, akakishusha, akakipandisha tena. Ikawa ileile. Jioni nikapiga hesabu kwa kipenyo cha milimita 30 na urefu wa mita 2.1, jibu likaja kilo 11.65. Ningeweza kulipata jibu hilo mezani siku yoyote ile, nami ni mwalimu wa fizikia.

Kumbe dedilifti yangu ya 140 ilikuwa 125.5.

Nilinunua mfuko mmoja wa saruji (17,000), nikaongeza tabaka kwenye sahani nyepesi na kupasua ukingo wa ile iliyozidi, nikarudi mizani baada ya wiki moja saruji ilipokauka. Sasa zote ziko kwenye 20, tofauti haizidi gramu 200. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea vifungo viwili vya skrubu (12,000), kila kimoja gramu 700. Chuma na vifungo vyake ni kilo 13.0, ndiyo maana namba zangu kuanzia leo zitaonekana za ajabu: 53, 73, 98. Anayeanza apime kwanza. Hakuna mbinu utakayoisahihisha kama hujui kilichoko mgongoni.

26 Januari. Skwati: simu ilikaa mahali pabaya

Video zangu zote za zamani zilipigwa kwa mbele, simu ikiwa juu ya ndoo au mkononi mwa mtu aliyesimama. Ukitazamwa toka mbele na juu, kila skwati inaonekana imeshuka. Safari hii simu tuliiweka pembeni kabisa, kwenye kiti, kamera ikiwa sawa na kimo cha nyonga yangu ninapokuwa chini. Nikabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kikunjo cha nyonga na kingine juu ya goti.

Kwa kilo 106, ile niliyoiita 120, plasta ya nyonga ilisimama juu ya plasta ya goti kwa kama sentimita kumi. Nilipunguza. 93, bado. 83, karibu. Skwati ya kwanza ambayo plasta ya nyonga ilipita chini ya ile ya goti bila ubishi ilikuwa kilo 73.

Nilikaa kwenye ngazi kitambo. Shemeji akaniambia, "Shemeji, sasa tuna pa kuanzia." Nikaandika 73 kwenye ukuta kwa makaa.

Video hiyohiyo ilionyesha makosa mengine mawili. Visigino vilikuwa vinainuka nikifika chini. Na wakati wa kupanda, kiuno kilitangulia huku kifua kikibaki chini, hivyo nusu ya kwanza ya safari niliipanda kwa mgongo.

15 Februari. Visigino, na ubao uliochepuka

Kipimo cha kifundo ni rahisi: weka vidole vya mguu mbele ya ukuta, kisigino chini, sukuma goti liguse ukuta, sogea nyuma mpaka lisiguse tena. Mguu wa kushoto vidole vilifika sentimita 9 toka ukutani, wa kulia 6. Wa kulia uliteguka kwenye mpira nikiwa kidato cha tatu. Goti lisipoweza kwenda mbele, mwili hutafuta nafasi kwingine: ama kisigino kinainuka, ama kiwiliwili kinalala.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Niliweka ubao wa sentimita 2 chini ya visigino, juu ya sakafu ya saruji. Seti ya pili, kilo 63, ubao wa kulia ukachepuka nikiwa chini kabisa. Nilitupa chuma nyuma. Sikuumia, ila sakafu ilipasuka na nyama ya kiganja ilichubuka. Usiweke kitu kinachoteleza chini ya mguu uliobeba mzigo, hata kama umewaona wengine wakifanya hivyo.

Suluhisho lilikuwa kwa fundi viatu: viatu vya ngozi vya zamani vyenye soli ngumu, akaongeza kisigino cha sentimita 2 kwa soli ya tairi, akagundisha na kushona (10,000). Raba za kukimbilia nimeziacha. Soli yake inabonyea, na mtu mwenye kilo themanini mgongoni hapaswi kusimama juu ya godoro. Pamoja na hayo nanyoosha kifundo dakika tano kila jioni, goti likisukuma mbele na kisigino kikibaki chini. Leo mguu wa kulia umefika 7.5.

Nilipanua pia miguu mpaka visigino vikazidi upana wa mabega kidogo, vidole nikavifungua nje. Nikiwa na mapaja marefu, miguu ya karibu hunilaza kifua.

Kiuno kutangulia kilichukua muda zaidi. Nilijaribu kujiambia "inua kifua". Ikawa nakunja mgongo wa chini kinyumenyume na maumivu yakaanza siku ya tatu. Nikaacha. Kilichofanya kazi ni kutulia chini kabisa kwa hesabu ya tatu, kilo 53 hadi 63, kisha kupanda nikiwaza kusukuma mgongo wa juu dhidi ya chuma huku magoti yakifuata mwelekeo wa vidole. Ukitulia chini huna mdundo wa kukuokoa, na ukiinua kiuno peke yake unahisi palepale.

Hapa niongeze jambo la fizikia, maana ndilo lililonifanya niamini. Chuma kinapaswa kukaa juu ya katikati ya unyayo toka juu mpaka chini. Kilo 100 ikisogea sentimita 5 mbele ya hapo, inaongeza kani ya kuzungusha ya karibu Nm 49, na nyonga na mgongo ndivyo vinavyoilipa. Ili kuona njia ya chuma, nilibandika duara la karatasi kichwani mwake, nikatandaza nailoni juu ya kioo cha simu, nikaipeleka video pole pole na kuweka nukta ya wino kila hatua. Mstari wa Januari ulikuwa kama ndoano. Wa leo umepinda kidogo tu karibu na chini. Nailoni zote mbili nimezihifadhi ndani ya daftari.

Skwati ya leo: 83 mara tatu, zote chini ya goti.

9 Machi. Benchi, usiku wa Ramadhani

Mwezi umeanza, kwa hiyo tunafanya mazoezi baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki badala ya tatu, seti chache. Mchana wa Tanga na funga havikubali uzito. Nilijaribu siku moja alasiri nikaona kizunguzungu kwenye kupasha mwili tu. Usiku, baada ya futari nyepesi na maji ya kutosha, nguvu zipo.

Benchi nililiona ndilo mnyanyuo wangu mzuri. Kwa kanuni halikuwa. Chuma kilikuwa kinadunda kifuani na kurudi. Makalio yaliinuka. Viwiko vilifunguka pembeni kama mtu anayesukuma mlango, na bega la kulia limekuwa likiniuma mbele tangu mwaka juzi.

Kwanza vifaa. Benchi langu lilikuwa na kimo cha sentimita 52, miguu yangu ikigusa chini kwa vidole. Kanuni inataka kati ya 42 na 45. Fundi alikata miguu mpaka 44 (8,000). Tofauti niliihisi siku hiyohiyo: unyayo mzima uko chini, ninaweza kusukuma ardhi, makalio yanabaki mahali pake. Pili, chuma changu hakikuwa na alama, hivyo kila siku nilishika mahali tofauti. Nikapima, nikachora pete mbili za rangi nyekundu umbali wa sentimita 81, kama zilivyo kwenye vyuma vya mashindano. Nashika vidole vya shahada sentimita tano ndani ya pete, dole gumba limezunguka chuma. Kushika bila kuzungusha dole gumba hakuruhusiwi, na ukifikiria chuma kikiteleza shingoni, hutahitaji kuelezwa sababu.

Kisha mkao. Navuta mabapa ya mabega nyuma na chini, kama ninayetaka kuyatia mfukoni, na hayatoki hapo mpaka seti iishe. Chuma kinagusa chini ya kidari. Nilikuwa nagusa karibu na mfupa wa shingo, na hapo ndipo bega lilipokuwa linaumia. Viwiko vinakaa nusu njia kati ya mbavu na pembeni. Wakati wa kusukuma chuma hakipandi wima. Kinarudi nyuma kidogo mpaka kije juu ya mabega. Nailoni ilionyesha mstari uliopinda, na safari hii ndivyo inavyotakiwa.

Kutulia kifuani nilijifunza kwa kutazama mashindano ya wanyanyuaji wenye ulemavu, ambao mchezo wao ni benchi peke yake. Hellen Wawira wa Kenya alipata shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na ukitazama kundi lile la wanawake unaona chuma kinavyoshuka polepole na kufia kifuani kabla ya kupanda. Hakuna mguu wa kukusaidia kule. Nilirudia kutazama huku nimeweka mkono wangu kifuani nikihesabu.

Kwa kutulia, kilo zangu: 58 mara moja, kwa taabu.

16 Machi. Nililobanwa nalo

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote katika shajara hii.

Shemeji alikuwa na zamu ya usiku. Nikaona kilo 53 ni nyepesi, nitafanya mwenyewe. Seti ya tatu, mara ya nne, chuma kilitulia kifuani na hakikupanda. Vifungo vilikuwa vimekazwa, sikuweza kuinamisha upande mmoja sahani zianguke. Nilijaribu kusukuma tena, kikapanda kama shubiri moja na kurudi. Watoto wamelala, mke wangu yuko upande wa pili wa nyumba na redio inasoma Kurani. Nikakibingirisha toka kifuani, juu ya tumbo, mpaka mapajani, nikakaa. Njia hiyo inafanya kazi kwa kilo 53. Kwa kilo 70 sijui ningepumuaje. Nilikuwa na mstari wa damu chini ya ngozi toka mbavu mpaka kitovu kwa siku tisa.

Mke wangu alipouona hakusema mengi. Alisema, "Baba, hilo benchi halilaliwi tena mpaka liwe na kitu cha kulizuia." Asubuhi nilikuwa kwa fundi. Ametengeneza nguzo mbili fupi zenye matundu na pini, zinazokaa pande zote mbili za benchi. Pini inawekwa kimo cha sentimita mbili chini ya kifua changu kilichojaa pumzi. Nikibanwa, natoa pumzi, kifua kinashuka, chuma kinakaa kwenye nguzo. 60,000, ghali kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu, na ilipaswa kuwa ya kwanza kununuliwa. Tumezijaribu kwa kuangusha kilo 73 mara tano. Zimesimama.

5 Aprili. Dedilifti: sakafu yangu ilikuwa chini mno

Baada ya Idi tumerudi kwenye ratiba kamili.

Tangu nianze dedilifti mgongo wangu wa chini umekuwa ukipinda kabla chuma hakijaondoka chini. Nilijilaumu kwa mgongo dhaifu, nikafanya mazoezi ya mgongo mwaka mzima, haikusaidia. Nikasoma kwamba sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma huwa sentimita 22.5 kutoka chini. Nikachukua futi. Sahani zangu zilitoka kwenye beseni la sentimita 34. Chuma changu kinaanzia sentimita 17.

Sentimita tano na nusu, kwa mtu ambaye kifundo na nyonga zake ni ngumu, ndizo zilizokuwa zinaupinda mgongo. Tulipanga mbao za unene wa sentimita 5 kila upande na juu yake vipande vya tairi kuukuu (14,000 pamoja na misumari). Chini ya mbao tumetandika magunia ya katani yenye mchanga, ili majirani wasisikie na sakafu isiendelee kupasuka. Seti ya kwanza juu ya mbao, kilo 93, mgongo ulibaki umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Shemeji aliniletea simu mbio huku video bado inacheza.

Kilichobaki kilikuwa kosa langu la kweli. Nilikuwa nasimama mbali na chuma, nakaa chini sana kama ninayetaka kuchuchumaa, kisha nakinyakua kwa ghafla. Kwa kukinyakua mikono inalegea halafu inakazwa na mzigo, kiuno kinaruka juu, chuma kinakwenda mbele ya vidole.

Sasa nafanya hivi. Nasimama chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo, sentimita mbili hadi tatu toka ugokoni. Nainama bila kusogeza chuma, nashika, kisha napeleka magoti mbele mpaka ugoko uguse. Najaza pumzi tumboni. Halafu navuta kidogo kwanza, mpaka nisikie chuma kikigonga ndani ya matundu ya sahani, "tak". Mlio huo ni ishara kwamba ulegevu umekwisha na mikono imenyooka. Hapo ndipo nasukuma ardhi kwa miguu. Chuma kinapanda kikiparuza ugoko na paja. Navaa soksi ndefu. Mashindanoni ni lazima, na uani zinaokoa ngozi.

Kwapa nazo zina kazi. Nikikaza misuli ya chini ya kwapa kama ninayezuia gazeti lisianguke, chuma hakiendi mbele. Maneno hayo yalinisaidia kuliko "nyoosha mgongo", ambayo nimeambiwa maisha yangu yote.

Kanuni inataka ukishushe kwa mikono miwili bila kukiachia. Hilo tumelizoea haraka.

Leo: 113 mara tatu, mgongo umenyooka.

26 Aprili. Masika, kutu na chaki

Mvua imepiga wiki mbili. Chuma kimeota kutu, viganja vina jasho, na kwenye kilo 123 chuma kilitoka mkononi mara tatu mfululizo. Chuma changu kilikuwa laini kama bomba.

Jaribio la kwanza: chaki ya ubaoni. Ninayo, nikaisaga. Chaki hiyo kwa kawaida ni jasi. Ikikutana na jasho inakuwa uji na chuma kinateleza zaidi. Jaribio la pili: kushika kwa kuficha dole gumba chini ya vidole. Inashika kweli, lakini milimita 30 ni nene kwa mkono wangu na dole gumba la kushoto lilikufa ganzi siku mbili. Nimeliacha.

Jaribio la tatu ndilo lililobaki. Nilipeleka chuma kwenye karakana yenye mashine ya kukereza, fundi akakikata mikwaruzo yenye umbo la almasi pale mikono inaposhika, akaacha katikati laini (30,000). Chaki halisi, kaboneti ya magnesi, niliagiza Dar, ikaja kwa basi: 18,000 na nauli ya mzigo 3,000. Ni nyeupe kama unga wa mhogo na inakausha kiganja papo hapo. Nashika mkono mmoja juu, mmoja chini, nabadilisha mkono kila seti ili upande mmoja usijizoeze kupinda. Mkono ulioangalia mbele lazima uwe umenyooka kabisa kwenye kiwiko. Ukiukunja na mzigo ukiwa mkononi, msuli wa mbele wa mkono unaweza kuchanika.

Kutu: nasugua kwa brashi ya waya, napaka mafuta ya mashine kidogo, nafuta kabla ya kutumia.

17 Mei. Pumzi na mkanda

Nilidhani najua kuvuta pumzi. Nilikuwa najaza kifua, mabega yakapanda. Shemeji akanishika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba mgongoni, akasema, "Nisukume pande zote." Pumzi ya kifuani haikumsukuma popote. Nilichukua jioni nne nikiwa nimelala chali, goti limekunjwa, nikijaza tumbo, mbavu za pembeni na mgongo wa chini kwa pamoja, kisha kulikaza kama ninayengoja ngumi. Pumzi hiyo naishika toka juu, nashuka, napanda, naitoa nikiwa nimesimama.

Mkanda nilimpa fundi viatu atengeneze: ngozi mbili za ng'ombe zilizogundishwa na kushonwa, upana sentimita 10, kwa sababu ndio upana wa juu unaoruhusiwa, unene haupaswi kuzidi milimita 13. 35,000. Siku ya pili bakoli, chuma cha kuufungia, ilichomoka: alikuwa ameikamata kwa mshono mmoja. Akarudia kwa riveti nne za shaba (10,000). Mkanda wa kujitengenezea ukaguliwe kwenye bakoli kabla ya kuuamini, vuta kwa mguu ukutani.

Mkanda haufanyi kazi ukiuvaa na kulegea ndani yake. Tumbo ndilo linalousukuma. Niliuvaa kwenye seti nzito tu. Kupasha mwili nafanya bila.

Nilimpa pia fundi wa kuchomelea 9,000 anikatie vichuma viwili vya kilo 1.25. Kwenye benchi kuruka kilo tano kulikuwa kunanikwamisha kila mara. Kwa kilo mbili na nusu nimepiga hatua wiki tatu mfululizo.

14 Juni. Siku ya kupimwa

Tulifanya kama mashindano. Shemeji alikaa katikati, mke wangu upande wa kushoto, na kulia mzee wa nyumba ya pili, aliyebeba vyuma ujana wake. Kila mmoja alikuwa na kadi mbili za manila, nyeupe na nyekundu. Niliwaonyesha mchoro wa nyonga na goti, nikawaambia wakitilia shaka wanyanyue nyekundu.

Skwati. 98, nyeupe tatu. 105.5, nyeupe tatu. Plasta ya nyonga ilishuka vizuri na kiuno hakikutangulia. 110.5 niliipanda, lakini mke wangu na mzee wakanyanyua nyekundu. Shemeji, aliyekuwa mbele, alinyanyua nyeupe. Tukatazama video ya pembeni: plasta mbili zilikuwa sawa, na kanuni inataka ya nyonga iwe chini. Walio pembeni waliona sahihi.

Benchi. 63, 68, 70.5. Zote nyeupe. Kwenye ya tatu shemeji alichelewa kusema "sukuma", nikaona kama mwaka, lakini chuma kilikuwa kimetulia na kilipanda. Bega halijauma tangu Aprili.

Dedilifti. 123, kisha 138. Ya tatu 145.5: "tak", kikaondoka, kikasimama chini ya goti kwa muda ambao nilisikia mzee akisema "polepole, mwanangu", kisha kikapita. Nilingoja shemeji ashushe mkono. Nyeupe mbili, nyekundu moja. Mzee aliona bega la kushoto halikurudi nyuma vya kutosha.

Jumla 321.5. Daftari la zamani linasema 340. Nimelipigia mstari ukurasa ule na kuandika kando yake uzito wa mizani.

15 Juni. Gharama, na kinachoendelea

Jumla nimetumia shilingi 228,000. Kama ningeanza upya ningepanga hivi: nguzo za usalama za benchi, mizani, kukata miguu ya benchi, mbao za dedilifti, viatu. Kwa hayo matano tu, 94,000, ningekuwa nimepata sehemu kubwa ya mabadiliko. Mkanda ungengoja. Mikwaruzo ya chuma ingekuja mapema, kabla ya masika.

Bado: mguu wa kulia uko 8.5 ukutani, na kwenye skwati nzito goti hilo bado linaingia ndani kidogo nikitoka chini. Bega la kushoto kwenye kumalizia dedilifti nitalifanyia kazi kwa kusimama juu na kilo 123 kwa hesabu ya tano. Benchi naendelea kuongeza 2.5 kila wiki ya pili. Kupimwa tena ni Oktoba, kadi zilezile, na mke wangu ameomba kiti chake kisogezwe mbele kidogo ili nguzo ya stendi isimzibe goti langu.